Tone la Rangi ya Kucha

Shosti, uko? Usipige, bado niko gereji. Soma tu.

Unakumbuka nilipompelekea yule fundi gari anibadilishie breki, nikakwambia simwamini hata kidogo? Basi asubuhi ile nilifungua boneti, nikachomoa kila kinachochomoka, nikakipaka alama ya rangi ya kucha. Akibadilisha kimoja tu, nimemkamata.

Gari likarudi linashtukashtuka. Ukikanyaga mafuta, linakohoa. Nikajua tu, kashaniibia kitu.

Leo nimemvaa mbele ya wateja wake. Nikamwambia, "Umechomoa kifaa changu kizima ukanipachikia kibovu."

Akachomeka kompyuta yake, akasema tatizo ni sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Nikasema, "Ehee. Hiyo hiyo uliyobadilisha."

Akaichomoa, akanipa mkononi. Alama yangu ipo. Shosti, alama yangu ipo.

Halafu akaigeuza. Ndani kuna kawaya kembamba kama unywele, na juu yake tone jekundu limekaukia.

"Dada, hii ni nini?"

Nikasema sijui. Nimesema sijui, na kucha zangu zote kumi ni nyekundu.

Akazitazama. Akaisafisha kwa dawa, akaikausha, akairudisha. Gari likawaka, likatulia tuli.

Sasa nikuulize wewe unayenijua: mbona hakucheka? Mtu anayeweza kujizuia kucheka pale, lazima kuna kitu anaficha.