Fimbo Mbili na Goti la Uongo

Jumatano usiku, Lodwar. Jua limezama lakini joto limekataa kuondoka. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiweka hapa.

Nianze na uongo wangu. Goti langu haliumi. Halijawahi kuuma. Tangu Jumamosi nachechemea ndani ya nyumba hii kwa sababu ya mwanamume mmoja mkaidi, ambaye ni mume wangu.

Baba Neema ni fundi wa maji Kakuma. Alianguka na pikipiki kwenye mchanga wa lagga, mto mkavu ulio upande wa Lopur, akavunjika mguu wa kushoto. Plasta imeshatolewa na mfupa umeunga. Daktari alisema kilichobaki ni kutembea kila siku, kwa mkongojo kwanza, la sivyo mguu utakakamaa na kazi ya kupanda matangi aisahau. Mkongojo ameuficha nyuma ya mlango. Anashinda uani akitazama ukuta. Anasema watu wakimwona na kitu cha hospitali watajua fundi amekwisha.

Huyu ndiye aliyekuwa akinivuta kila Jumapili baada ya kanisa tupande kilima kilicho nyuma ya mji, mimi nikihema na kunung'unika njia nzima. Nina hamu na manung'uniko yale. Nina hamu naye, na yuko hapo uani.

Jumamosi nilikwenda Kakuma kuchukua nguo zake. Kwenye kambi ya wakimbizi, juu ya meza ya mitumba ya Nyandeng, mama mmoja wa Sudan Kusini tunayesali naye nikiwa huko, nikaziona: fimbo za kupandia milima, zile nyepesi zinazorefushwa na kufupishwa. Alikuwa na jozi mbili. Moja hukazwa kwa kuzungusha, nyingine kwa kibano cha pembeni. Mimi nilipenda ya kuzungusha, kwa kuwa ilikuwa nyekundu.

"Egemea kwanza, dada," Nyandeng akasema. "Weka uzito yote."

Nikaegemea. Ikashuka taratibu, nami nikashuka nayo, hadi nikawa nimeinama kama mtu anayesalimiana na mbuzi. Mchanga ulikuwa umeingia ndani na haikaziki tena. Zile za kibano zilisimama imara. Ni za kijivu na hazina sura, lakini nilizinunua, pamoja na visahani vyake vya plastiki vya kuzuia ncha isizame mchangani.

Nyumbani nikatangaza kwamba goti limeanza kunisumbua. Nikazipima hadi kiwiko kikakunjika vizuri, nikapitisha mikono kwenye mikanda kutoka chini, nikatoka getini na fimbo zangu mbili nikitumaini ataona wivu.

Kuna jambo sikulifikiria. Hapa kila mchungaji ana fimbo yake, moja. Ukionekana na mbili, moja ni ya mwenzako.

"Ejok, mama," jirani yangu Mama Ekai, muuza makaa, akanisalimu kwa Kiturkana. "Na hiyo ingine ni ya nani?"

Nikamwambia zote ni zangu. Akanitazama kwa huruma. Kijana wa bodaboda akauliza hivyo hivyo, na mlinzi wa shule pia. Kila siku nilirudi nimechoka kujieleza kuliko nilivyochoka kutembea.

Leo mchana Mama Ekai alileta makaa, akamkuta mume wangu uani. Hakuniuliza mimi tena.

"Baba Neema, mbona unaacha mama abebe fimbo yako?"

Mimi nilijifanya nachagua mchele.

Jioni nilipozichukua, akanyoosha mkono bila kunitazama. "Lete moja. Unatuaibisha."

Alifungua kibano, akairefusha kufika kimo chake, akaibana, akaijaribu kwa uzito wote kabla ya kupiga hatua. Ufundi haujamtoka. Akaishika kwa mkono wa kulia ili imwondolee mguu wa kushoto mzigo, kama daktari alivyomwelekeza na yeye akajifanya hasikii.

Tulikwenda polepole hadi kwenye miti ya mikoma iliyo kando ya mto. Njiani mzee mmoja mwenye mbuzi akamuuliza fimbo ile ameipata wapi.

"Ni ya mama," akasema, akiwa ameiegemea mwili mzima. "Namsaidia kubeba."

Nilitazama pembeni. Machozi yalinijia na sikutaka ayaone.

Tulipofika getini akasimama, jasho likimtiririka, uso wake ule ninaoujua umerudi.

"Jumapili tupande kilima," akasema. "Tukipanda tutazifupisha, tukishuka tutazirefusha. Na wewe, ukitaka kuchechemea, chagua mguu mmoja. Asubuhi ulikuwa wa kulia."

Akaingia ndani.

Sasa fimbo zimeegemea ukuta, moja ndefu, moja fupi. Yeye amelala na anakoroma.

Kesho nitachechemea tena. Nimeshachagua: wa kushoto, kama wake.