Makochi ya Dorothea

Chang'ombe,
Dodoma.
17 Agosti 2025

Mpendwa kaka Hamidi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo huko Ujerumani? Kile kifua kimepona? Vaa soksi hata kama wenzako wanakucheka. Sisi wazima, ila Dodoma mwezi huu ni upepo na vumbi tu, na mimi usingizi umenihama. Nimeamua kuandika barua hii kwa kalamu kisha niipige picha nikutumie, maana kwenye simu ungenikatiza nami ningelia.

Juzi nimerudi kutoka Chemba kwa mama yako. Mama mkubwa ana nguvu zake, ila macho yanazidi kufifia. Dada Sikudhani hajaanguka kifafa tangu Ramadhani, alhamdulillahi, kwa sababu ya dawa.

Lakini dawa za bure zimekwisha. Mradi uliokuwa ukizileta zahanati ulikuwa wa wafadhili wa nje, nao wamefunga mkoba. Tunaambiwa nchi zao zina mambo yao sasa, silaha na madeni. Haya, sisi tufanyeje? Mama mkubwa akawa ananunua dawa kwa ile ruzuku ya kaya maskini.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Fedha zimebana kila mahali, kwa hiyo wakatumwa watu kuhakiki upya nani maskini kweli. Mama mkubwa kusikia wageni wanakuja, unamjua tena! Akaazima makochi ya jirani yake Dorothea, na vitambaa vya kufuma juu yake, na chupa ya chai, na sahani za maua. Jogoo akachinjwa. Wageni wakala, wakashiba. Walipouliza makochi ni ya nani akawajibu, "Ni yetu, baba. Kaeni mjinafasi." Angesemaje? Kwetu mgeni haambiwi kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima.

Mwezi uliofuata akatangazwa mkutanoni kuwa amejikwamua kimaisha, akatolewa kwenye ruzuku. Watu wakampigia makofi, naye akasimama akawashukuru! Nilicheka niliposikia, halafu nikakasirika.

Mwenyekiti wa kijiji akasema rufaa ipo, asimame tu mkutanoni aeleze kwamba makochi si yake. Mama mkubwa akakataa katakata. "Niwaambie wageni wangu kwamba niliwadanganya? Sina haya?" Dorothea akajitolea kusema badala yake, akaambiwa akithubutu basi hapo ndipo mwisho wao wa kuombana chumvi.

Mkutano ulifanyika Alhamisi, nami nikaenda. Dorothea alisema hivyo hivyo, maskini ya Mungu, huku anatazama chini. Mwenyekiti akamgeukia mama mkubwa, akamuuliza kama ana mtu wa kumtegemea. Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ninaye Hamidi. Mwanangu yuko Ulaya, anatunza wazee." Watu wakaguna kwa heshima.

Kaka, na mimi nilikuwa na ujumbe wako kwenye simu. Kwamba hiyo nyumba ya wazee imefunga vyumba vingi kwa kukosa fedha, kwamba mmebakiwa na zamu chache, kwamba unalala mmebanana na wenzako na hujui mkataba utaisha lini. Uliniambia mama asijue.

Nikasimama nikasema. Mbele ya kijiji kizima nikasema Hamidi hana kitu, anahangaika kama sisi. Nisamehe kwa kukuvua nguo hadharani, lakini sijuti. Ningesema tena.

Wamemrudisha kwenye ruzuku. Ila malipo yanataka dole gumba lake, na yeye amegoma. Ananiita mwongo, tena eti nina wivu na mwanawe. Mimi, aliyenilea kwa mikono yake! Hanisemeshi. Siku ya malipo ni Jumatano, na dawa za Sikudhani zinafikia ukingoni. Shehe amemsihi, mwenyekiti amemsihi, wapi! Anasema mpaka asikie kutoka kwako.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie baadaye, nafasi utapata. Na usiende kukopa umtumie hela ili aibu ifichike. Nakujua. Mwezi huu utaweza, je, mwezi ujao?

Mume wangu Swalihu anakusalimu sana. Dorothea naye anakusalimu, ingawa siku hizi anapita njia ya nyuma asikutane na mama yako. Sikudhani anauliza utakuja lini, maana amekuwekea karanga. Mola akulinde na ubaya, akufungulie riziki hapo ulipo au akurudishe kwetu mzima.

Mpigie leo, kaka. Utakapompigia, usianze kumuuliza hali. Mwambie ukweli kwanza, kabla hajaanza kukuombea dua, maana akishaanza hutaweza tena kumwambia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Sabiha