Upande A Mpaka Mwisho

Baba Rozi wangu,

Huko uliko hakuna posta, najua. Ila tangu masika nimekuwa nikikusemesha moyoni, na naona nisipoandika nitaanza kukusemesha kwa sauti mbele za watu, mawifi wapate la kuongea. Kwa hiyo nakuandikia waziwazi, atakayesoma asome. Nataka kukuambia kwamba ile kaseti nimeisikiliza. Upande mzima.

Unaikumbuka siku uliyoileta? Ulikuwa bado uko kiwanda cha sukari, umekuja kwetu Viwanja Sitini kwa likizo, na badala ya kutuletea sukari kama waume wa wenzangu ukatoa kaseti iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, "Jazi ya kisasa", bila jina la bendi wala la mtu. Alikurekodia kutoka kwenye santuri yake rafiki yako wa Tanga, yule aliyekuwa baharia kabla ya kuja kukata miwa. Mimi kusikia jazi nikafurahi. Jazi niliyoijua ni magitaa, mwimbaji anayemlalamikia mpenzi wake, na nafasi ya kuchezea. Nikajifunga khanga kiunoni kabisa. Ukabonyeza, saksafoni ikaanza kulia peke yake, ngoma zinakwenda kwao, besi inakwenda kwake, kinanda kikaingia kama mtu aliyekosea nyumba. Nikasubiri wimbo uanze. Nikasubiri mpaka khanga ikalegea.

Nikakuuliza wanaanza saa ngapi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Wakati ule kukohoa kwako kulikuwa hakuna maana yoyote.

Unanijua nilivyo. Miaka kumi na moja nimeimba sauti ya pili kwaya ya parokia, na mwalimu wetu akishusha mkono wote mmefika, asiyefika anabaki kuosha masufuria ya sherehe. Kwangu muziki ulikuwa ni watu kufika pamoja. Wewe ulijitahidi kunifundisha, ukanipa kazi ndogo: niishike besi tu, wengine niwaache wazurure. Nikakujibu besi itajishika yenyewe, mimi nina maharage jikoni. Nikaupa na jina, muziki wa watu wasioelewana. Majirani wakalichukua, wakawa wanakutania nalo ukipita kwenda bombani, na mimi nikajiona mchangamfu kweli.

Halafu ukarudi moja kwa moja. Kiwandani walikuambia ukapumzike, ukashuka na blanketi, redio kaseti na suruali iliyofungwa kamba. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja kwa jina, hata mimi na wewe chumbani. Watu waliacha tu kunywa maji kwetu. Mchana nilikuwa nakulaza kwenye mkeka barazani, na betri zikichoka unazianika juani kama dagaa, zikipata nguvu kidogo unasikiliza dakika kadhaa, unazirudisha juani, hivyo hivyo mpaka upande uishe. Hukunisumbua kwa chakula, hukunilaumu kwa lolote. Kila siku ulitaka kitu kimoja, nikae na wewe nisikilize upande A mpaka mwisho.

Sikukaa. Siku moja nilifika karibu nusu, nikakumbuka maji ya kuteka. Siku nyingine nikakumbuka kuni. Leo nakiri kwamba sikuwa na kazi nyingi kiasi hicho. Nilikuwa naogopa. Ukikaa na mgonjwa mikono mitupu unaanza kumwona, na mimi sikutaka kuona mabega yako yalivyokuwa.

Mpunga wetu wa shamba la Namawala ulipotia maziwa, ndege wakaanza. Na wewe mkulima, unajua, shamba likikosa mtu wa kuamia ndege siku mbili tu unavuna makapi. Mama yako akaja kukaa na wewe na Rozi, mimi nikafunga mzigo. Nilikuwa nimeshaupandisha kichwani uliponiita.

"Mama Rozi, kaa. Upande mmoja tu."

"Nikirudi," nikasema.

"Ukirudi sijui."

Nikasema utakuwepo, uende wapi na miguu hiyo. Nilisema kwa utani, na nilikuwa nimeshakupa mgongo.

Siku tatu nilikaa juu ya dungu nikipiga bati na kuwapigia ndege kelele. Siku ya nne asubuhi nikamwona mdogo wako anakuja na baiskeli. Alishuka mbali, akawa anaikokota. Nikajua kabla hajafika, na ajabu ni kwamba niliendelea kupiga bati mpaka akanishika mkono.

Ndugu zako wa Mahenge tuliwangoja siku nzima, maana mto ulikuwa umejaa na pantoni pale Kivukoni haikuvusha mpaka maji yalipotulia. Walipofika walikuwa na Bonifasi, mtani wenu Mngoni, na mtani msibani hana wa kumzuia. Kabla hajasema pole akavaa koti lako, akakaa kwenye kiti chako, akakohoa kikohozi chako chenyewe mpaka akina mama waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Akauliza marehemu alipenda nini zaidi duniani. Mama yako akajibu bila kunitazama kwamba alipenda muziki wa watu wasioelewana. Jina langu hilo, limefika hadi kinywani mwa mama yako. Nilitamani ardhi inimeze.

Bonifasi akaenda uani, akakata bua la jani la mpapai, akalitoboa, akarudi analipuliza. Kwaya yangu ilikuwa inaimba wimbo wa maziko, ule tunaoimba kila msiba. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka wa wafiwa, kichwa kimefunikwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja sikuwa naimba, nasikiliza tu. Akaanza pamoja nao vizuri. Kisha akawaacha. Akapanda juu, akapiga kelele za bata, akaugeuza ule wimbo matumbo nje, na watu wakacheka. Nilikasirika, nikadhani amepotea. Lakini kwaya ilipofika mwisho wa ubeti, yeye naye akatua palepale, kwenye neno lilelile. Akaondoka tena, akarudi tena. Alikuwa anaujua wimbo kuliko sisi. Alikuwa anawasikia wote, ndiyo maana aliweza kwenda mbali vile, na alivyozidi kwenda mbali ndivyo mimi nilivyozidi kuusikia wimbo wenyewe, ambao nilikuwa nimeuzoea mpaka nimeacha kuusikia.

Nikasema ndani ya khanga, kumbe jazi yake ndiyo hii. Mama mdogo aliyekuwa amenishika alidhani naweweseka, akanipa maji. Nililia sana kuanzia hapo, Baba Rozi, na walidhani nalia kifo tu. Nilikuwa nalia pia kwamba nimekielewa kitu chako siku ambayo sina wa kumwambia, na mtu aliyenielewesha amevaa koti lako.

Baada ya arobaini koti lilibaki kwa Bonifasi, kama ilivyo haki ya mtani. Redio akaichukua mdogo wako. Kaseti haikuwa na mwenyewe. Huyohuyo aliniambia niirekodie kwaya juu yake, nikaificha kwenye ndoo ya unga.

Jumapili iliyopita nikatoka misa nikaipeleka kwa fundi redio wa kule sokoni. Nikamwomba nikae humohumo kibandani aipige, nisiulizwe. Mwanzoni aliinua kichwa akitaka kuichomoa, akidhani mkanda umenaswa. Nikamwambia ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Nikaishika besi kama ulivyonielekeza. Haikuzurura hata kidogo, ilikuwa inatembea kama mtu anayekwenda shambani, na saksafoni ikitoka na kurudi, nikawa najua inaporudi kabla haijarudi. Nilifurahi, nikaona aibu kufurahi. Nikapita pale nilipokumbuka maji. Nikapita pale pa kuni. Saksafoni ikawa imekwenda mbali kuliko mara zote, wengine wote wamepungua wanaisubiri, na mimi nimekaza mikono naisubiri irudi.

Kitufe kikaruka. Mkanda umeisha.

Fundi akasema hizi kaseti za kurekodi ndivyo zilivyo, santuri huwa ndefu kuliko mkanda. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikiwa jikoni, kila nilipokisikia kile kitufe, nilikuwa nakusikia wewe umeendelea peke yako barazani, unapiga mluzi mwembamba, unakohoa, unaendelea, kisha unanyamaza. Nilidhani ni homa. Ulikuwa unaumalizia wimbo. Santuri uliisikia nzima kwa baharia, na kipande kilichobaki ulikuwa nacho wewe, na ulikuwa unataka kunipa.

Fundi akaniuliza ageuze upande wa pili. Nikamwambia angoje kidogo. Nikajaribu kuirudisha ile saksafoni nyumbani kwa mdomo wangu, mimi mwimbaji wa kwaya, na sikupata hata sauti moja ya kuanzia. Mluzi wako niliusikia kila siku kwa miezi mitano na sikuusikiliza hata mara moja.

Nisamehe, na ulale.

Mkeo,
Mama Rozi