Mke Wangu Amejitoa Kwenye Barua Pepe za Duka Letu

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho maana nyumbani nimeshindwa kusema, na kazini ndiko huko huko nyumbani. Mimi na mke wangu tuna duka la mapazia, au niseme ukweli, duka ni lake, yeye ndiye fundi, mimi nilikuwa karani wa ghala mpaka ghala likafungwa nikabaki sebuleni nikiikodolea macho runinga, ndipo akanishika mkono akasema, "Baba, njoo tusaidiane, mimi kushona naweza lakini kutangaza siwezi," akanikabidhi kompyuta na anwani za wateja wote, na Shangazi, siku hiyo nilijiona mtu tena.

Basi nikaingia kazini kwa moyo wote, kila asubuhi kabla ya chai natuma barua pepe kwa wateja wote kwa mpigo, herufi kubwa tupu, "USIPITWE! OFA YA MWISHO! LEO TU!", najaza picha mpaka simu za watu zinagoma kufungua, na anwani ya kwanza kabisa niliweka ya mke wangu ili aone ninavyochapa kazi. Mwanzoni watu walifungua, sasa hata kuzigusa hawazigusi, na wiki iliyopita nikaingia kwenye ile programu inayoonyesha nani kafungua na nani kajitoa, nikamkuta mke wangu kwenye waliojitoa. Mke wangu wa ndoa! Kabonyeza kile kitufe cha "sitaki kupokea tena", na wakati huo huo namsikia chumba cha pili anashona huku anaimba.

Sikumwambia kitu, nimenuna tu, akiniuliza, "Baba, mbona kimya?" nasema kichwa kinaniuma, ananiletea maji na dawa, nami nameza dawa na kichwa hakiumi. Moyoni najiuliza, kama yeye haniamini, mteja ataniamini vipi? Na kama kutangaza kumenishinda, pale dukani mimi ni nani zaidi ya mtu wa kumshikia ngazi akipima madirisha?

Nikwambie na aibu nyingine. Mwezi uliopita ujumbe wa kwenda kwa mteja mmoja niliutuma kwa watu wote kwa makosa: "Mwalimu, pazia la chumba cha mtoto liko tayari, fundi ametia kitambaa kizito kwa nyuma ili jua la asubuhi lisimwamshe. Ukija, njoo na lile bomba la zamani la kutundikia tuone kama litahimili uzito." Nilitamani ardhi inimeze. Watu wakaanza kujibu, "Mimi si mwalimu, lakini na wangu anaamshwa na jua," wengine wakaja dukani na mabomba yao begani, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Lakini ile ilikuwa bahati mbaya, na biashara haiendeshwi kwa bahati mbaya. Nifanyeje watu wafungue barua zangu? Na mke wangu nimuulize kwa nini ameniacha, au ninyamaze?

Mshika Ngazi


Marahaba, Mshika Ngazi. Nani kakuambia umeachwa? Mwanamke aliyekuacha hakuletei maji na dawa. Na wewe, mtu mzima mzima, unameza vidonge vya kichwa kisichouma ili usiseme neno moja! Acha hiyo leo leo.

Tuanze na biashara. Mtu katundika mapazia juzi, leo unamwambia nunua pazia, kesho nunua pazia, kwani ana nyumba au ana hoteli? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe unabisha hodi kwenye simu za watu kila asubuhi hawajanawa hata uso, na jembe hujashika. Halafu hiyo ofa ya mwisho isiyokwisha! Siku ukiwa na ofa ya kweli, mwanangu, nani atakusadiki?

Lakini nimecheka, maana dawa unayo mkononi na unaiita aibu. Ule ujumbe wa mwalimu ndio barua bora kuliko zote ulizowahi kutuma. Ulimsemesha mtu mmoja, kuhusu mtoto mmoja na dirisha moja, na kila mzazi akaona ni dirisha lake. Hukupiga kelele, ulihudumia. Sasa fanya vile vile kwa makusudi.

Punguza kutuma. Mara moja kwa mwezi inatosha, na mwezi usio na la kusema, kaa kimya. Barua moja, jambo moja, picha moja, na kichwa chake kiseme kilichomo ndani: "Jua linamwamsha mtoto?" Usiwachanganye wateja kwenye kapu moja. Aliyekwisha kununua mfundishe kufua pazia lisipauke, aliyepimiwa akaondoka muulize kwa upole kama bado anahitaji. Wasiofungua siku nyingi waulize mara moja tu, wakinyamaza waache waende salama. Kitufe cha kujitoa usikifiche. Na mtu akikujibu, umjibu wewe mwenyewe, kwa jina lake.

Na ngazi unaidharau bure. Ukiwa umeishika uko ndani ya nyumba za watu, unasikia nani anachunguliwa na jirani, nani chumba chake kinawaka joto mchana. Huko ndiko barua zako zinakotoka, si kwenye herufi kubwa.

Sasa mkeo. Yule anashona mapazia kutwa nzima, halafu simu inalia asubuhi, mumewe anamhimiza awahi kununua mapazia kwenye duka lake mwenyewe! Ningejitoa hata mimi. Kosa lake ni moja, hakukuambia, na naamini aliogopa kukuvunja moyo ukarudi kwenye runinga. Huko ni kupendwa, baba, hata kama kunauma. Mficha uchi hazai, kwa hiyo zima kompyuta, vuta kiti karibu na cherehani, umwambie, "Mama, nimeona umejitoa na niliumia. Niambie barua zangu zina kasoro gani." Kisha funga mdomo. Usijitetee, usinune, sikiliza.

Umwambie pia kwamba siku alipokukabidhi kazi ulijiona mtu tena. Mimi usiyenijua hata sura umeniambia, yeye anayelala ubavuni mwako hajui. Ukiona haya kusema kwa mdomo, mwandikie. Barua zako hajazikataa, kakataa zile za watu wote. Andika moja ya kwake peke yake, usiweke bei wala picha. Hiyo ataifungua.