Baba Mkwe Anataka Kanda, Mimi Nina Kompyuta

Mama Zilpah mpendwa, nisaidie haraka. Mimi ni Mkuria, nimeolewa hapa Kosele, na chumbani nina studio ndogo, kompyuta na maikrofoni moja, nawarekodia wanakwaya na kazi yangu inasifiwa, lakini shida ni baba mkwe wangu, Mzee Japheth, mpiga nyatiti, lile zeze la nyuzi nane la Wajaluo, anayejulikana huku kote, sasa ana uvimbe kooni na Jumatatu anafanyiwa upasuaji, na daktari ametuambia wazi kwamba sauti huenda isirudi, kwa hiyo Jumamosi amewaita watu wake aimbe na irekodiwe, ila anataka irekodiwe kwa kanda peke yake, kwa ile redio kaseti yake ya zamani, na redio hiyo, Mama, inakula kanda, juzi tu ilitafuna mahubiri ya pasta tukavuta utepe kama matumbo ya kuku.

Nimemweleza kwa adabu kwamba kanda ina mvumo na inakatika, lakini kompyuta inanasa kila kitu na nakala unaweka popote, na sibahatishi, kwa sababu mwaka jana nilimrekodi nikafanya kazi safi kabisa, nikaondoa kelele zote za watu wanaomkatiza katikati ya wimbo ili wajisifu, sijui mimi mwana wa fulani, mimi mwenye ng'ombe wengi, nikapunguza na ule mlio wa pete ya kidole cha mguu anayogongea nyatiti, ikabaki sauti yake na nyuzi, tamu sana, lakini aliposikiliza alichukua kofia akatoka, na tangu hapo nikitaja kompyuta ananijibu kwa kuniita binti wa Wakuria, "Nyar Kuria, hiyo mashine yako inafukuzanga watu. Mimi naimba na kanda." Sijui anamaanisha nini, nadhani ni uzee.

Mume wangu Maurice yuko Awendo kwa kazi ya miwa, ananiambia kwa simu, "Wee ficha simu tu chini ya kiti yake, hatajua." Lakini mke wa mwana ataingiaje nyumba ya baba mkwe akiwa hayupo, na nikikutwa nitasema nini? Na nisipoificha, redio itafune kanda, si sauti yake itakuwa imepotea mbele ya macho yangu? Naogopa kufanya, naogopa kutofanya.

Pauline, Kosele

Pauline, pole sana kwa ugonjwa wa mzee. Hofu yako ni ya haki. Sasa kaa nikugombeze.

Unasema hujui anamaanisha nini, na amekuambia kwa Kiswahili! Hao uliowaita kelele walikuwa kwenye pakruok. Mtu anasimamisha wimbo, anajisifu, anasifu ukoo wake na marafiki, mpigaji anamjibu kwa nyuzi, ndipo wimbo unaendelea. Huenda baadhi yao wameshazikwa. Wewe ukawafuta wote, ukamwacha mzee anajiimbia peke yake, kisha ukangoja akushukuru. Na hiyo pete ndiyo ngoma yake. Hata mimi ningechukua kofia.

Kwa usalama, kompyuta inaishinda kanda, hilo sikubishii. Lakini kwenye kanda huwezi kuingia ukamtoa mtu, na mzee anajua hivyo. Haogopi mashine, anakuogopa wewe.

Habari ya kuficha simu, koma. Maurice ni Mjaluo, anaijua pakruok tangu utotoni na hakukuambia kitu. Mwambie nimemsema, na Ijumaa aje nyumbani. Kwani baba ni wa nani?

Leo hii mfuate mama mkwe wako, akupeleke kwa mzee, umwombe radhi kwa kuwaondoa watu wake. Kama rekodi ya mwanzo, ile ambayo hujaisafisha, bado iko kwenye kompyuta, mwekee aisikilize yote. Kisha omba ruhusa mashine zote mbili zikae mbele yake waziwazi. Redio yake isafishe kile kichwa kinachogusa utepe kwa pamba na spiriti, nunua kanda mpya, na yeye ndiye abonyeze. Yako ikishawaka, usiiguse. Akikataa hata baada ya hapo, sauti ni yake, mtairekodi kwa kanda na kuiombea redio.

Na Jumamosi usijifiche nyuma ya waya. Wimbo ukikolea, msimamishe mzee, ujitaje mbele ya watu wote, wewe binti wa Wakuria, ukoo wenu na ng'ombe wenu, kwa sauti ya kusikika. Akikujibu kwa nyuzi, umesamehewa.