Kiti Kimoja, Chumba cha Pasi

Jumatatu, 4 Machi
Leo tena tone la damu. Dogo, lakini damu ni damu. Mimba mbili zimeshanitoka. Hii ya tatu siiachii! Nesi wa kliniki kasema nisisimame muda mrefu. Nisisimame — mimi mpiga pasi wa kiwandani! Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Machi
Nilibeba kigoda kutoka nyumbani. Pasi haijapata moto, msimamizi kakiona. Tunamwita Bi Tulivumilia, maana hana wimbo mwingine. Kakifungia stoo. Eti anayekaa huunguza mashati. Nikamweleza hali yangu kwa sauti ya chini, mwanamke kwa mwanamke. Akanijibu mbele ya wote: mimba si ugonjwa, yeye alipiga pasi mpaka siku ya uchungu, sisi tulivumilia! Wenzangu wakainamia mashati yao. Yeye akarudi kwenye kiti chake — kiti pekee chumba kizima, tena kina mto. Nilitamani kumchoma na pasi. Mungu anisamehe.

Jumatano, 6 Machi
Miguu imevimba, viatu haviingii. Mume wangu anasema niache kazi. Mdomoni ni rahisi! Mwenyewe hana kazi tangu ghala lao lifungwe. Tule mawe?

Alhamisi, 7 Machi
Mama anayeshona vifungo, mkongwe kuliko sote, kanivuta bombani. Kasema Bi Tulivumilia hasimulii yote. Mtoto aliyemzaa ni wa mimba ya pili. Mimba ya kwanza ilimtoka palepale, kwenye meza ninaposimama mimi. Msimamizi wa wakati ule — mwanamke pia — alimwambia amalizie kwanza shati. Akamalizia.
Nimelia mpaka kichwa kinaniuma. Sijui nimemlilia nani.

Ijumaa, 8 Machi
Damu tena. Nikamwendea Bi Tulivumilia, liwalo na liwe: na ile ya kwanza, mama, uliivumiliaje?
Akanigeuzia mgongo. Nikajua nimefukuzwa.
Mchana kaniita. Kainuka kitini, kasema kaa. Kuanzia leo mimi ni mkaguzi. Nikague mashati, na atakayekaa au kuegemea ukuta nimtaje. Nikimficha hata mmoja, narudi kwenye pasi.
Nikakaa. Jamani, kukaa kutamu!

Jumatatu, 11 Machi
Damu imekoma. Asubuhi mtoto kacheza, nimemsikia!
Naandikia hapahapa kitini. Wanadhani naandika kasoro za mashati. Jirani yangu wa meza, yule aliyekuwa akinimalizia mashati yangu nikizidiwa, kaegemea ukuta. Midomo imempauka. Nimejifanya sioni. Sasa kanijia, kaninong'oneza: shoga, na mimi ninayo, miezi mitatu, sijamwambia mtu. Nipishe kidogo tu, naona kizunguzungu.
Bi Tulivumilia yuko mlangoni, anatutazama.
Nimemwambia malizia kwanza hilo shati.
Mimi! Kwa mdomo wangu!
Kaenda. Kashika pasi, hapigi, ananiangalia tu. Inuka, we mwanamke. Inuka. Bado nimekaa