Udongo wa Wangui na Simiti Yangu

Jumatano, 2 Aprili 2025

Leo nimeona maajabu Kiganjo. Wangui, binti ya dada yangu Njoki, amemaliza kumjengea mama yake nyumba — ya udongo! Si ile ya fito, hapana. Amechimba shamba, akashindilia udongo kwa mashine, matofali yakatoka kama mikate, na hayakuchomwa hata kidogo. Mimi Ndungu, niliyejenga nusu ya nyumba za mawe kutoka Nyeri mpaka Murang'a, sikuulizwa. Wangui anasema ati moshi wa viwanda vya simiti ndio umechanganya mvua siku hizi. Nikamuuliza, na moshi wa jikoni kwa mama yako tuufanyeje?

Alicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimepita Majengo kwa Wamae, anayeuza simiti. Duka limejaa, habari ni moja tu. Wamae anasema nyumba kama hiyo hata ukitaka kuiuza, mnunuzi ni mchwa. Tulicheka mpaka mama wa chapati akaja kuuliza kuna nini. Nikawapa ile hadithi ya tangi la maji nililojenga kwa simiti kule Doldol. Ndovu alilisukuma kwa kichwa, tangi likakaa, ndovu akaenda akichechemea! Mtu mmoja akasema kichwa hakichechemei. Wivu. Simiti ni simiti.

Jumapili, 6 Aprili

Njoki amenivuta kando baada ya ibada. Macho mekundu. Wazazi wa Marete, yule kijana Mmeru anayemwoa Wangui, wanakuja tarehe ishirini na sita kuongea mahari. Na akina mama wa kanisa wameshaanza: ati Njoki amesomesha msichana ndio amrudishe kwa nyumba ya matope.

"Ndungu," akaniambia, "wageni wataona nini?"

Dada yangu hajaniomba kitu tangu bwana yake azikwe. Nikamwambia, wewe lala usingizi. Mimi niko.

Alhamisi, 10 Aprili

Wangui yuko kazini Nanyuki mpaka Pasaka. Aliacha maagizo: ukuta usiguswe na simiti, ati unataka kupumua. Kupumua! Nimejenga maisha yangu yote, sijasikia ukuta ukikohoa.

Nimeanza asubuhi. Mvua ilikuwa imeupiga ukuta wa mbele, umelowa, lakini tungoje nini? Aprili ya Nyeri haikauki. Nimepiga plasta nzito, juu yake nikapiga niru, ile simiti ya mwisho, laini kama shavu la mtoto. Njoki ameipapasa akasema, sasa hii ni nyumba. Akanichinjia kuku. Hata jirani, aliyekuwa akicheka, amesimama kwa ua akiangalia. Ningekuwa Nairobi mimi ningejenga maghorofa mpaka ndege ziombe njia.

Ijumaa, 18 Aprili

Wangui amefika. Hakunisalimu. Amegonga ukuta kwa kidole — ngo, ngo, kama debe tupu.

"Anko, umefunga maji ndani. Sasa udongo utakaukia wapi?"

Nikamwambia, udongo wako ungekuwa na nguvu ungeshika simiti. Hilo si kosa la fundi. Akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Njoki hakunipa chai. Chai!

Ijumaa, 25 Aprili

Nyufa. Ukuta umetoa tumbo katikati kama la mheshimiwa. Nasema tena, ni udongo unasukuma!

Halafu simu. Marete anasema baba yake hana subira, anataka kuonyeshwa ule ukuta wa udongo kabla hata ya chakula. Ati anataka kujenga kama huo kwake Meru, nyumba ya kuzeekea. Mzee mzima! Nani amewaroga hawa watu? Anaweza kununua mawe, anataka vumbi.

Wangui akachukua nyundo abandue plasta yote. Nikasimama mbele yake. Ubandue kazi ya Ndungu, wageni wakute nyumba imechubuka kama goti? Njoki akatuangalia sisi wawili, akaingia ndani, akafunga mlango. Mlango huo pia niliutengeneza mimi.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika nikiwa nimeketi nje, mgongo kwa ukuta. Kipande kikubwa cha plasta kimeachana na udongo tangu asubuhi, na mgongo wangu ndio unakishikilia. Niko na suti. Watu nimewaambia mimi ndiye mwandishi wa sherehe, ndiyo maana nina kitabu na siondoki hapa. Wamekubali.

Wageni wameimba langoni, akina mama wakawajibu, lango limefunguliwa. Baba yake Marete yuko mbele, koti refu, fimbo. Wangui ameniinamia sikioni.

"Anko, toka. Wacha ianguke. Wamekuja kuona kilicho nyuma yake."

Sitoki! Simiti ikipewa muda inashika. Huwa inashika. Na hata kama wamependa udongo, mimi nitakuwa nani hapa, mtu wa kushika vifusi?

Nasikia maji baridi ya ukuta yakishuka ndani ya koti langu.

Mzee hakwenda kwa viti. Anakuja moja kwa moja kwangu, mkono mbele, anatabasamu. Njoki ananikonyeza niinuke. Kwetu mtu hamsalimu mkwe akiwa ameketi, hata akiwa mgonjwa. Wote wananiangalia mimi tu. Plasta imelia nyuma ya bega langu, inaachia. Mzee naye amesikia, amesimama, mkono bado uko hewani —